Kengele ya zizi kwenye simu: chagua njia itakayokuamsha



Kamera za ulinzi sasa zimefika hadi maboma. Utaiona moja juu ya nguzo kando ya zizi la mbuzi, ina paneli yake ndogo ya sola na laini ya simu ndani. Wengi wamenunua baada ya kuibiwa, au baada ya fisi kuingia na kuua. Lakini malalamiko yanayotufikia sisi wa ugani yanafanana: "Picha ninayo, mbuzi sina." Fisi ameingia saa nane usiku. Taarifa imesomwa saa moja asubuhi, mwenye simu alipopanda kilimani kutafuta mtandao.

Kamera hiyo iliona vizuri. Kilichoshindwa ni njia ya taarifa kutoka zizini hadi kwenye sikio la mtu aliyelala. Kipeperushi hiki kinaeleza kwa nini njia hiyo hukatika, njia nyingine zilizopo, na jinsi ya kuzipanga kulingana na boma lako. Shika jambo moja tangu mwanzo: taarifa ya usiku ina kazi ya kumwamsha mtu aliye karibu na zizi, mapema kiasi kwamba bado kuna mnyama wa kuokoa. Njia isiyofanya hivyo ni ya kumbukumbu tu.

KWA NINI TAARIFA YA KAMERA HUCHELEWA

Kamera ikiona kitu, hailipigii boma simu. Hutuma taarifa kwa intaneti kwenda kwenye kompyuta za mtengenezaji, ambazo mara nyingi ziko nchi ya mbali. Kompyuta hizo ndizo zinazorudisha taarifa kwenye programu iliyo ndani ya simu janja yako. Safari hiyo ina vituo vingi, na kila kituo kinaweza kukatika:

- Mtandao wa zizini ni dhaifu. Kamera nyingi za laini zinahitaji 4G, na maeneo mengi ya malisho yana mtandao wa kupiga simu tu.
- Bando la kamera limeisha, au bando la simu yako limeisha.
- Simu imezimwa ili kutunza chaji.
- Simu imewekwa kwenye kiokoa betri, na imeilaza programu ya kamera. Taarifa inakuja ukiishika simu asubuhi.
- Taarifa imefika kwa wakati, lakini imelia mlio mmoja mfupi. Mtu aliyechunga kutwa nzima haamki kwa mlio huo.

Simu ya kawaida ya kupiga na kupokea haina safari ndefu hivyo. Inapita mnarani, inafika hata kwenye kitochi, haihitaji bando, na inaita mfululizo mpaka mtu ageuke. Ndiyo maana boma lenye mtandao hafifu linafaa kutegemea simu inayoita, na picha ziwe nyongeza.

Wauzaji wengine watakuambia uelekeze taarifa kwenye WhatsApp, Telegram au barua pepe badala ya programu ya kamera. Elewa kwamba hizo zote zinapita kwenye intaneti ileile. Kama tatizo lako ni mtandao au bando, hujabadilisha njia, umebadilisha mlango tu.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Kama tayari una kamera, jaribu haya kwanza. Hayana gharama.

1. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya betri, na uiondoe programu ya kamera kwenye kiokoa betri.
2. Ipe taarifa ya kamera mlio mrefu na mkali, tofauti na milio mingine yote ya simu.
3. Kama simu yako huwekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa usiku, iruhusu programu ya kamera ipite.
4. Badilisha nywila iliyokuja na kamera kutoka kiwandani. Nywila hizo zinajulikana, na mtu mwingine anaweza kuingia akaliangalia boma lako.
5. Muombe mtoto apite mbele ya kamera usiku, nawe hesabu muda mpaka simu ilie. Fanya hivyo mara kumi kwa siku tofauti, uandike matokeo. Ikishindwa mara mbili au tatu kati ya kumi, usiitegemee peke yake.

NJIA NYINGINE ZA KUPATA TAARIFA

Kengele ya laini inayopiga simu

Hiki ni kiboksi kinachowekewa laini ya simu kama simu yoyote. Kinaunganishwa na vihisi, ambavyo madukani huitwa sensa. Kihisi kikiguswa, kiboksi kinapiga namba ulizozihifadhi, moja baada ya nyingine, na kingine hutuma SMS pia. Vingi vinafanya kazi kwenye mtandao wa 2G, vina betri ndani, na huwashwa na kuzimwa kwa SMS au kwa rimoti.

Vihisi vinavyofaa zizi ni vya aina mbili. Cha kwanza ni sumaku ya lango: vipande viwili, kimoja kwenye nguzo na kingine kwenye lango, vikiachana, kengele inalia. Hiki ni rahisi, hakili umeme mwingi, na hakidanganywi na upepo kama lango limefungwa imara. Kinamkamata mwizi anayefungua lango, lakini hakimwoni anayekata ua nyuma.

Cha pili ni kihisi mwendo. Hiki hutambua joto la mwili linalotembea, na vingi huona umbali wa mita 8 hadi 12 hivi. Hakimtofautishi mwizi na mbuzi, wala fisi na mbwa wako.

Kuhusu laini yenyewe: isajiliwe kwa jina la mtu wa boma. Iweke kwanza kwenye simu ya kawaida, uiondolee namba ya siri inayoombwa simu inapowashwa, ndipo uihamishie kwenye kiboksi. Iwe na salio wakati wote. Ukikata simu bila kupokea, salio halitumiki, lakini salio likiisha kabisa simu haitoki. Pia ipige simu mara kwa mara, kwa sababu laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kampuni.

SMS

SMS ni nzuri kwa kumbukumbu: inaonyesha saa na kihisi kilichoguswa. Kama njia ya kuamsha ni dhaifu, maana inalia mara moja, na mtandao ukielemewa inaweza kukaa njiani. Itumie pamoja na simu inayoita, isiwe badala yake.

Mtu wa mjini

Familia nyingi zina kijana anayesoma au anayefanya kazi mjini, kwenye 4G na umeme. Programu ya kamera iwekwe kwenye simu yake. Yeye akipata taarifa, anaangalia picha, na akiona hatari anapiga kitochi cha bomani. Intaneti inafanya kazi mahali inapofanya kazi, kisha simu ya kawaida inamalizia safari. Sharti ni kwamba kamera yenyewe iwe na mtandao wa kutosha kutuma picha, na kijana huyo akubali kweli kuamshwa usiku. Kama analala fofofo, usimpe kazi hii kwa sababu tu ana simu nzuri.

King'ora na taa zizini

Hii ndiyo njia pekee isiyohitaji mnara wowote. Kihisi kikiguswa, king'ora kinalia na taa zinawaka palepale. Boma zima linaamka, mbwa wanabweka, na mwizi anajua ameonekana. Kama bomani kwako hakuna mtandao kabisa, anzia hapa na usihangaike na simu.

Taa zinasaidia pia dhidi ya wanyamapori. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nchini Kenya, aligundua akiwa mtoto kwamba simba huogopa mwanga unaohama, si taa iliyosimama mahali pamoja. Alitumia betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kiboksi cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi kutengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alieleza kazi hiyo mbele ya ulimwengu. Funzo kwetu ni kwamba mwanga uwe unabadilika. Mnyama akizoea taa moja isiyohama, haimtishi tena.

NAMBA ZA NANI ZIWEKWE, NA KWA MPANGILIO GANI?

Hapa ndipo kengele nyingi nzuri zinaharibikiwa. Aliyenunua ni baba, basi namba ya kwanza ni ya baba. Lakini baba yuko mnadani siku mbili, au amelala boma la mke mwingine kilomita tano kutoka hapo. Mama aliyelala hatua ishirini kutoka zizi la ndama hana habari.

Panga namba kwa ukaribu na zizi, usipange kwa umiliki wa ng'ombe:

1. Mtu anayelala karibu zaidi na zizi, hata kama simu yake ni kitochi. Mara nyingi huyu ni mama wa nyumba hiyo.
2. Kijana mwenye nguvu anayelala bomani.
3. Jirani wa boma la karibu, ambaye mmekubaliana naye.
4. Mwenye mifugo, popote alipo.
5. Kiongozi wa ulinzi wa kitongoji au mgambo.

Kila mmoja aihifadhi namba ya kengele kwa jina la ZIZI na kuipa mlio wake peke yake. Anayeamka asikate tu na kulala tena. Mkubaliane: ukisikia, unatoa sauti, unawaamsha wengine.

Simu hizo ziwe na chaji usiku. Kama sola ya nyumbani ni ndogo, simu ya mtu wa kwanza ndiyo ichajiwe kabla ya nyingine zote.

UMEME UNATOSHA?

Usinunue kamera kwa kuangalia picha tu. Muulize muuzaji inakula wati ngapi. Kamera inayokula wati 5 muda wote inahitaji wati-saa 120 kwa saa 24. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ni sawa na ampea-saa 10. Betri ya asidi, kama ya gari, haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo unahitaji angalau ya ampea-saa 20 kwa siku moja, na zaidi kwa siku za mawingu. Paneli ya wati 40 ikipata jua kali saa 5 inatoa wati-saa 200 kwa hesabu, na kiasi fulani hupotea njiani. Kwa hiyo inatosha siku ya jua, lakini mvua za masika zitakusumbua.

Kengele ya laini yenye sumaku ya lango inakula umeme kidogo sana ikilinganishwa na kamera inayorekodi muda wote. Kama sola yako ni ndogo, kengele itangulie, kamera ifuate utakapoweza.

KENGELE ZA UONGO

Kengele ikilia mara kumi kwa usiku kwa sababu ya mbwa, wiki ya pili mtaizima. Mwizi mwenye subira anajua hivyo. Punguza kelele za uongo kwa kufanya haya:

- Elekeza kihisi nje, kandokando ya ua. Usikielekeze ndani walipolala mbuzi.
- Kihisi mwendo huona vizuri kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokuja moja kwa moja. Kiweke ili anayekaribia ua akatize.
- Kifunge usawa wa kiuno cha mtu mzima au juu kidogo ili kimwone fisi, na ukijaribu kwa kumpitisha mbwa mkubwa.
- Fyeka nyasi na matawi mbele yake. Majani ya moto yanayotikiswa na upepo hukidanganya.
- Usikielekeze mashariki wala magharibi kwenye jua la moja kwa moja.
- Kumbuka kwamba jioni yenye joto kali kihisi huona hafifu zaidi, kwa sababu joto la mwili na la hewa yanakaribiana.
- Washa kengele baada ya mifugo yote kuingia na kuhesabiwa, na uzime kabla ya kukamua.

Weka daftari kwa wiki mbili. Andika saa iliyolia na kilichoonekana. Utajua upi ni upande wa mbwa na upi ni upande wa fisi.

Zingatia pia mwezi. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kutoka na saa za mwanzo za usiku huwa giza, wakati watu bado wanatembea na lango halijafungwa vizuri. Katika siku hizo washa kengele mapema.

SIMU IKIITA, FANYENI NINI?

Kengele bila mpango inaweza kumtoa mtu mmoja nje gizani mbele ya simba au mwizi mwenye silaha. Kubalianeni mchana, si usiku ule:

1. Hakuna anayetoka peke yake. Pigeni kelele, washeni tochi, kusanyikeni kwanza.
2. Watoto wabaki ndani.
3. Muwe na neno la siri. Mtu anayetembea gizani asipolijua, msimkimbilie kwa rungu, muulizeni kwanza. Anaweza kuwa jirani aliyekuja kusaidia.
4. Wakiwa wezi, pigeni polisi namba 112 na viongozi wa kijiji. Msijichukulie sheria mkononi.
5. Fuateni nyayo pamoja na ulinzi wa kijiji, msiende watu wawili watatu.

Picha za kamera wapeni polisi na uongozi wa kijiji. Msimtangaze mtu kuwa mwizi kwenye makundi ya WhatsApp kwa picha ya gizani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya hapo, picha isiyo wazi imeshaweza kumponza asiye na hatia. Kamera yenyewe itazame zizi lako, isitazame mlango wa jirani.

BAADA YA TUKIO: UPANDE WA MIFUGO NA WATU

Mnyama aliyeng'atwa na fisi, mbweha au mbwa asiyejulikana asichukuliwe kuwa na kidonda tu. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, umtenge, na umwite afisa mifugo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna tiba.

Mifugo walioibiwa wakipatikana, furaha isikufanye uwachanganye na kundi mara moja. Wamepita njiani na kwenye mazizi usiyoyajua. Watenge siku 21 na uwaangalie: makohozi, kamasi, vidonda vya mdomo na kwato, kuhara.

Kama ni mnyamapori aliyeua, usizike wala kuchuna kabla ya kutoa taarifa. Piga picha ya mzoga, nyayo na ua uliovunjwa, ukaripoti haraka kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 zinaweka utaratibu wa kifuta jasho kwa madhara ya wanyama wakali na waharibifu, na ombi lisilo na ushahidi ni gumu kupita. Hapa ndipo picha za kamera zina thamani yake kamili.

UA KWANZA

Kengele inakupa dakika chache. Ua ndio unaoamua kama dakika hizo zinatosha. Ua wa miiba uliochoka unapitika kabla simu haijaita mara ya pili. Wafugaji wa Simanjiro wamejenga ua wa nguzo hai: wanapanda miti ya Commiphora, inashika mizizi, na juu yake wanafunga waya wa wavu. Kila mwaka mti unavyokua, ua unazidi kuwa imara. Kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, tengeneza ua na lango. Kitu cha pili kiwe kengele inayopiga simu. Kamera ije ya tatu.

ORODHA YA KILA JUMAMOSI

- Fungua lango kengele ikiwa imewashwa. Je, simu ya kwanza imeita? Ndani ya muda gani?
- Salio la laini ya kengele lipo?
- Paneli imefutwa vumbi? Betri inashika?
- Kila mwenye namba kwenye orodha yuko bomani wiki hii? Aliyehama na mifugo kwenda malisho ya mbali, namba yake ibadilishwe.
- Vifundo vya ua na lango vimekaguliwa?

Mara moja kwa mwezi fanya jaribio hilo saa nane usiku bila kuwaambia wengine, isipokuwa jirani, ili asije na mkuki. Ndipo utajua kama njia yako inaamsha watu kweli.

Ukitaka kusaidiwa kupima mtandao wa zizi lako au kuchagua mahali pa kufunga vihisi, mwone afisa mifugo wa kata yako. Njoo na daftari lako la wiki mbili. Litatuambia mengi kuliko picha.